"Maumivu yako ni ngapi kati ya kumi?" Swali tunalolitegemea kupita kiasi

Ukifika chumba cha fiziotherapia, au "mazoezi" kama wengi tunavyokiita, baada ya salamu na baada ya kueleza mgongo ulianza lini, utaulizwa: "Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?" Sifuri maana yake hakuna maumivu. Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Unataja namba, namba inaingia kwenye fomu, kazi inaendelea. Wiki ya tatu unaulizwa tena. Kama mwanzo ilikuwa nane na leo ni nne, basi umepona nusu. Ndivyo fomu inavyosoma.

Makala hii ni ya kulikosoa swali hilo. Silitaki lifutwe, na huko mbele nitasema lina faida gani. Ninachobisha ni kazi tuliyolibebesha. Kwa mgonjwa anayetoka Pangani, Mkinga au Muheza kuja Tanga mjini, anayelipa nauli ya kwenda na kurudi na kupoteza siku nzima ya kazi, swali hili linaacha nje karibu kila kitu ambacho mtaalamu angekihitaji ili amsaidie. Wakati wa utafiti wangu wa uzamili nilikaa kwenye vyumba vya aina hiyo nikisikiliza wagonjwa wakilijibu, na kilichonishangaza ni jinsi walivyokuwa na mengi ya kusema kabla namba haijawafunga mdomo.

Kwanza, limetoka wapi? Watu wengi hudhani kipimo hiki kilizaliwa wodini. Mababu zake hawakutoka wodini. Mwaka 1921 watafiti wawili wa Marekani, Hayes na Patterson, walichapisha njia ya kupima watu kwa kutumia mstari: mwisho mmoja sifa mbaya, mwisho wa pili sifa nzuri, na mpimaji anaweka alama mahali anapoona panafaa. Aliyekuwa akipimwa ni mfanyakazi, na anayepima ni msimamizi wake. Ilichukua zaidi ya nusu karne mstari huo kuingia rasmi kwenye maumivu. Mwaka 1974 daktari Huskisson aliandika kwenye jarida la Lancet akiutetea kama njia ya kupima maumivu, na mstari wa sentimita 10 ukaenea. Kipimo cha namba cha 0 mpaka 10 ni ndugu yake wa karibu, tena ndugu mwepesi, maana hahitaji hata karatasi.

Halafu ikaja miaka ya 1990 huko Marekani. James Campbell, aliyekuwa rais wa chama cha wataalamu wa maumivu cha nchi hiyo, alitoa wazo kwamba maumivu yapimwe kila mara kama tunavyopima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na presha. Yakaitwa dalili ya tano ya uhai. Nia ilikuwa njema: wagonjwa walikuwa wanaachwa wateseke bila kuulizwa. Kufika mwaka 2001 chombo kinachokagua hospitali za Marekani kilikuwa kimeweka masharti ya kupima na kushughulikia maumivu. Namba ikiwa kubwa, lazima kitu kifanyike, na kitu kilicho karibu kilikuwa kidonge. Matokeo ya uandikaji holela wa dawa za jamii ya afyuni tunayajua. Haikuwa namba peke yake iliyosababisha janga lile, kampuni za dawa zina mzigo wao mkubwa, lakini mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani kilipendekeza mpango huo wa dalili ya tano uachwe.

Sasa tulinganishe na kwetu, maana ndipo jambo linapochekesha kidogo, kama si kuhuzunisha. Namba ile ilitengenezewa mahali ambapo ikisemwa "nane" kuna dawa ya kutoa. Sisi tatizo letu ni kinyume kabisa. Dawa kali za maumivu ni adimu, na mahali ambapo mofini ya maji imewafikia wagonjwa wa kawaida ni pa kuhesabika. Muheza ni mojawapo: Hospitali Teule imekuwa na huduma ya hospisi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mkoa mzima una la kujifunza kutoka pale. Ila katika chumba cha fiziotherapia, au cha tiba kwa vitendo, mtaalamu haandiki mofini. Ana mikono yake, ana mazoezi, ana maneno, labda ana taa ya joto na kimashine cha umeme mdogo. Hebu niambie: mgonjwa akisema "saba", mtaalamu anafanya nini tofauti na ambacho angefanya kama angesema "sita"?

Mara nyingi hakuna. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho jibu lake linabadilisha hatua inayofuata. Kama halibadilishi, tunajaza fomu tu.

Niwe mwenye haki. Kuna kazi namba hii inaifanya vizuri sana. Mtu ametoka kupasuliwa asubuhi, saa nane mchana ni tisa, amepewa dawa, saa tisa na nusu ni nne: hiyo ni habari nzuri na ya maana. Ni mtu yule yule, kidonda kile kile, siku ile ile. Pia kwenye majaribio ya dawa yenye mamia ya watu, makosa ya mtu mmoja mmoja yanamezwa na wingi. Utafiti wa Farrar na wenzake wa mwaka 2001, uliokusanya wagonjwa 2,724 kutoka majaribio 10 ya dawa, ndio uliotuachia kanuni inayotumika mpaka leo: kupungua kwa pointi 2 hivi, au asilimia 30, ndiko mgonjwa mwenyewe anakokuona kuwa ni nafuu ya kweli. Kazi nzuri. Lakini angalia ni ya nani: washiriki wa majaribio ya dawa, wenye maumivu sugu, waliozoea kujaza dodoso. Sisi tunaichukua kanuni ile ile na kumpimia bibi wa miaka 70 ambaye hajawahi kuulizwa swali la aina hiyo maishani mwake.

Na bibi huyo anajibuje? Hapa lazima tuzungumze kuhusu adabu. Pwani mazungumzo yanaanza na salamu, na salamu zetu zenyewe ni maswali ya afya ambayo jibu lake linajulikana kabla. Hujambo? Sijambo. Umeamkaje? Salama. Vipi hali? Alhamdulillah. Mtu mwenye jino linalomtoa machozi atajibu "sijambo" kwanza, halafu ndo aseme jino. Kulalamika haraka ni utovu wa subira, na subira kwetu ni sifa ya mtu mzima. Sasa kijana aliyevaa koti jeupe, amempa shikamoo, amepokea marahaba, sekunde kumi baadaye anauliza maumivu ni ngapi. Wapo wanaojibu kwa adabu ile ile ya salamu: "Siyo mabaya sana mwanangu, mbili hivi." Mtu amekuja kwa fimbo. Wapo wengine wameshaelewa mchezo: ukisema ndogo utaambiwa rudi nyumbani, kwa hiyo wanasema kumi. Nilimsikia mzee mmoja akijibu "ishirini", na mtaalamu akaandika kumi kwa sababu fomu haina ishirini. Wote hao hawadanganyi. Wanajibu swali la kijamii, si la hesabu: unanichukulia vipi, na utanifanyia nini?

Kuna tatizo la pili, la tafsiri. "Maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria." Kwa Kiswahili tuna maumivu na tuna uchungu, na si kitu kimoja. Mwanamke wa Kiswahili hazai kwa maumivu, anazaa kwa uchungu. Anayefiwa ana uchungu. Ukimuuliza mama wa watoto sita kuhusu "maumivu" makali kuliko yote, hujui kama amehesabu uchungu wa uzazi ndani au ameuacha nje, kwa sababu neno ulilotumia linamruhusu kufanya vyote viwili. Akiuhesabu, mgongo wake unakuwa tatu. Asipouhesabu, unakuwa nane. Mgongo ni ule ule.

Watafiti hawajalala kwenye hili. Eldoret, katika hospitali ya rufaa ya Moi, kuna timu iliyojaribu kipimo cha namba na kile cha picha za nyuso kwa wagonjwa wanaozungumza Kiswahili, na vyote viwili vinaweza kutumika. Sibishi hilo. Ila "kinaweza kutumika" maana yake ni kwamba watu wanaweza kukijibu bila kuchanganyikiwa. Haituambii kama jibu linamsaidia mtaalamu kuamua.

Na hili linanileta kwenye jambo linaloniuma zaidi katika hii hadithi yote. Namba inafuta maneno.

Sikiliza jinsi watu wanavyoeleza miili yao kabla hujawapa kumi ya kuchagua. Mguu unawaka moto. Nyayo zimekufa ganzi. Nahisi sisimizi wanatembea. Inanipiga shoti mpaka kidoleni. Goti linafukuta. Jipu linapwita. Kidonda kinachonyota. Mgongo umekaza. Bega linavuta. Kiuno kinakata. Mwili wote unavunjikavunjika. Tuna hata kitenzi cha kugonga palepale palipokwisha kuumia: kutonesha. Hizi si pambo la lugha. Ni vipimo.

Chukua nne za kwanza: moto, ganzi, sisimizi, shoti. Mwaka 2005 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Bouhassira walitoa dodoso fupi la kutofautisha maumivu yanayotokana na mishipa ya fahamu kuharibika na maumivu ya misuli, mifupa au jeraha la kawaida. Lina vipengele 10, na ukipata 4 au zaidi, mishipa ya fahamu inashukiwa. Vipengele vyake ni vipi? Kuungua, baridi inayouma, kupigwa kama na umeme, kuchomwachomwa na sindano, ganzi, kuwashwa, na kadhalika, pamoja na vipimo vichache vya kugusa ngozi. Yaani bibi yetu wa Pangani amejibu nusu ya dodoso kabla ya kuulizwa. Na jibu hilo linabadilisha kila kitu. Maumivu ya mishipa ya fahamu hayaitikii vizuri diklofenaki, ambayo watu wananunua dukani kwa mfululizo wa miezi huku figo na tumbo vikilipia. Yanaweza kuwa ni kisukari ambacho hakijagunduliwa. Yanaweza kuwa ni ukoma, ugonjwa ambao bado upo nchini na ambao ukichelewa kutibiwa unaacha mkono uliopinda. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo akisikia "ganzi" anajua inabidi azungumze kuhusu kushika sufuria ya moto na kukagua nyayo kila jioni. Akisikia "saba" hajui chochote.

Sasa twende kwenye ugonjwa ambao mkoa wa Tanga unaujua kuliko sehemu nyingi: matende. Minyoo midogo inayoenezwa na mbu inaharibu mirija ya limfu, maji yanashindwa kurudi, mguu unavimba. Watafiti wa Amani na wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu wameufuatilia hapa kwa miongo mingi. Kingatiba, vidonge vya ivermectin na albendazole kwa jamii nzima, ilianza Mafia mwaka 2000 na mkoani Tanga mwaka 2004, na maambukizi yameshuka sana. Hayo ni mafanikio makubwa na tuyaseme kwa sauti. Lakini kidonge hakirudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mpango wa dunia uliozinduliwa mwaka 2000 ulikuwa na nguzo mbili: kukata maambukizi, na kuwahudumia walioumia tayari. Nguzo ya kwanza inahesabika kirahisi, vidonge vingapi vimemezwa. Ya pili imekuwa ikitembea nyuma, na mtu wa kuisukuma alitakiwa kuwa mtaalamu wa utengamao.

Mgonjwa wa matende anaumwaje? Siku nyingi mguu ni mzito lakini hauumi sana. Halafu inakuja "homa ya mguu": mtoki unavimba kwenye kinena, ngozi inakuwa ya moto, anatetemeka, hawezi kusimama kwa siku kadhaa, pengine wiki. Chanzo cha vipindi hivyo kwa kawaida ni bakteria wanaopenya kwenye nyufa, hasa katikati ya vidole vya mguu. Daktari Gerusa Dreyer na wenzake walionyesha huko Recife, Brazil, kwamba dawa kubwa ya vipindi hivyo ni sabuni na maji: kuosha mguu kila siku, kuukausha vizuri mpaka katikati ya vidole, kutibu nyufa, kuuinua ukiwa umekaa au umelala, kuchezesha kifundo cha mguu, kuvaa viatu. Mwongozo wao wa mwaka 2002 umesomwa dunia nzima. Ukiuangalia kwa jicho la fizio, huu ni mpango wa kudhibiti maumivu kwa asilimia mia, na hauna kidonge cha maumivu ndani yake.

Sasa mlete mgonjwa huyu kliniki. Amekuja siku anayoweza kutembea, kwa sababu siku asiyoweza asingefika kituo cha basi. Maumivu yako ni ngapi leo? "Moja." Imeandikwa moja. Miezi sita baadaye, baada ya kuosha mguu kwa bidii, vipindi vimetoka vinne kwa mwaka hadi kimoja, ameweza kulima msimu mzima, anarudi kliniki. Maumivu ni ngapi leo? "Moja." Kwenye fomu hajabadilika. Mtu amerudishiwa wiki nzima za maisha yake na kipimo chetu hakijaona kitu. Swali ambalo lingeona ni jepesi kabisa: tangu tuonane, mguu umekulaza mara ngapi, na kila mara siku ngapi?

Namba ya leo inapima leo. Kwa maumivu yanayokuja na kuondoka, leo ni siku mbaya ya kupima.

Nikitoka kidogo nje ya Tanga: ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 huko Newala, uwanda wa Makonde. Jina limetoka Kimakonde, na lina maana ya kujikunja, kupindika, kwa sababu wagonjwa walishindwa kunyooka kwa maumivu ya viungo. Dunia nzima inalitumia, kuanzia India mpaka Karibiani. Mimi hupenda kuwakumbusha wenzangu kwamba watu wale walipotaka kulipa jina teso lao, hawakusema ni kubwa kiasi gani. Walisema mwili umeshindwa kufanya nini. Ndiyo taarifa ambayo mtaalamu wa viungo anaitafuta, na ilikuwapo miaka mingi kabla ya fomu zetu.

Basi tuwaulize watu mwili umeshindwa kufanya nini, na tuwaulize kwa maisha yao. Kwa Mwislamu wa pwani hakuna kipimo cha goti na kiuno kilicho bora kuliko swala. Rukuu inataka kiuno kikunje huku magoti yamenyooka. Sujudu inataka magoti, nyonga, mabega na viganja vibebe uzito. Kikao cha tahiyatu kinataka goti likunjwe karibu mpaka mwisho na kifundo cha mguu kigeuke. Halafu kusimama tena bila kushika ukuta. Mara tano kwa siku! Mzee akikuambia "sasa nasali kwenye kiti", amekupa historia nzima. Akikuambia "jana niliswali magharibi chini, isha nikarudi kwenye kiti", amekupa mpaka kiwango cha uchovu wa misuli. Na lengo lake la tiba ni hilo, kurudi kwenye mkeka. Hajaja hospitali kutoka saba kwenda tatu.

Mbuzi ya kukunia nazi nayo ni maabara kamili. Unakaa chini sana, miguu imepanuka, mgongo umeinama, kifundo cha mkono kinazunguka kwa nguvu. Mwanamke aliyepata kiharusi au mwenye baridi yabisi akisema hawezi tena kukaa kwenye mbuzi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo ana kazi ya wiki nzima hapo: kuinua kikao, kubadilisha upande wa kushika, kugawa kazi kwa vipindi, kumfundisha binti akune yeye asonge ugali. Hali kadhalika choo cha kuchuchumaa, ndoo ya maji, kupanda ngalawa.

Na katani. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ile mwaka 1893, ambayo 62 tu ndiyo iliyofika hai, migongo ya watu wa Tanga, Muheza na Korogwe imeinama mashambani. Mkataji anainama, anakata jani chini kabisa, anaondoa mwiba, anafunga matita, anabeba. Analipwa kwa kazi iliyohesabiwa. Mkataji wa zamani mwenye kiuno kibovu ukimuuliza maumivu kati ya kumi atakutazama. Muulize alikuwa akikata kiasi gani na sasa anakata kiasi gani, na saa ngapi kiuno kinaanza kumgomea. Atakujibu kwa usahihi ambao mtafiti angeuonea wivu, kwa sababu hiyo ndiyo hesabu aliyoishi nayo.

Ni vizuri pia kwamba majibu ya aina hii yanatulinda dhidi ya picha. Mgonjwa wa kiuno hapa kwetu mara nyingi anafika ameshika bahasha ya eksirei na sentensi moja: "Mifupa imesagika." Mapitio ya Brinjikji na wenzake ya mwaka 2015, yaliyohusisha picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalikuta dalili za kuchakaa kwa pingili kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao hawakuwa wanaumwa. Ukimwambia mkataji katani mifupa imesagika, na ukaandika nane, umempa sababu mbili za kulala kitandani, wakati ushahidi wote wa miaka ya karibuni unasema maumivu ya kawaida ya mgongo yanahitaji mwendo na kazi inayoongezwa kidogo kidogo.

Wapo watakaosema nafanya mambo kuwa magumu: mtaalamu ana wagonjwa thelathini kwa siku, ana dakika chache, hawezi kukaa kusikiliza habari za mbuzi na mkeka. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu foleni nimeziona. Lakini tuhesabu. Swali la namba na maelezo yake, "sifuri ni hivi, kumi ni hivi, hapana bibi, siyo ishirini", linakula dakika moja mpaka mbili. Kuna kipimo cha tangu mwaka 1995 kilichotengenezwa na mfiziotherapia Stratford na wenzake huko Kanada ambacho kinamtaka mgonjwa ataje mwenyewe shughuli tatu mpaka tano anazoshindwa, na kila moja aipe alama. Namba bado zipo kwa wanaozipenda. Tofauti ni kwamba zimefungwa kwenye kitu: kusujudu, tatu, kubeba ndoo, tano. Kinachukua dakika nne hivi. Na huhitaji kuuliza tena malengo ya tiba, maana umeshayapata.

Kama lazima tubaki na ukubwa wa maumivu, walau tutumie mkono. Kwenye tiba shufaa barani kwetu, nchi kama Uganda ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, watu wamezoea kuonyesha kwa vidole: ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu, vidole vitano ni makali kupita yote. Haihitaji kusoma, haihitaji karatasi, na mtu aliyepooza upande mmoja ana mkono wa pili. Nilichopenda zaidi ni kwamba mtu akionyesha mkono, anaendelea kuongea. Akitaja namba, ananyamaza akisubiri uandike.

Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, kilisema wazi kwenye maelezo yake kwamba kusema kwa maneno ni njia moja tu kati ya nyingi za kuonyesha maumivu, na kwamba anachokieleza mgonjwa kiheshimiwe. Vyuo vyetu, kikiwemo kile cha Moshi, KCMC, ambako wengi wa wafiziotherapia na wataalamu wa tiba kwa vitendo wa kaskazini wamepitia, vinafundisha haya. Kwa hiyo sidhani tatizo ni wataalamu kutojua. Wengi niliowasikiliza wanauliza maswali mazuri sana kwa mdomo, tena kwa Kiswahili kitamu, huku mkono ukiandika namba moja. Maneno yanabaki hewani. Mgonjwa akirudi na kukutana na mtaalamu mwingine, anaanza upya, na yule wa pili ana "7/10" mbele yake na basi.

Fomu niliyoiona mimi ilikuwa na kisanduku kimoja kidogo cha maumivu, kinachotosha tarakimu mbili. Mtaalamu mmoja, mama wa makamo, alikuwa ameshaacha kubishana nacho. Alikuwa anaandika pembeni, kwenye nafasi nyeupe ya karatasi, kwa kalamu ya bluu: "moto usiku, nyayo zote mbili." Mstari wa chini yake: "anataka kusali chini kabla ya Ramadhani." Kwenye kisanduku alikuwa ameandika 6.